Gurudumu Lililopinda Mambrui



Msafiri anayetoka Malindi kuelekea kaskazini hukutana kwanza na daraja la Sabaki. Mto huu ni wa pili kwa urefu katika Kenya baada ya Tana. Huko bara huitwa Athi, ukiungana na mto Tsavo huitwa Galana, na ukifika huku kwetu huwa umekwisha kuvaa jina la tatu. Msimu wa mvua hushuka na udongo mwekundu wa nchi nzima, bahari ya Malindi ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Ukishavuka daraja, kilomita chache mbele, utaikuta njia ya mkono wa kulia inayoteremka Mambrui.

Mambrui ni mji mkongwe uliokaa ukingoni mwa bahari, wenye ufuo ambao mchanga wake humeta juani. Yapo mabaki ya kaburi la kale lenye mnara, lililokuwa limepambwa kwa vibakuli vya kaure vya China, ijapokuwa mnara wenyewe umekwisha anguka. Mwaka 2010 wachimbaji wa mambo ya kale wa Kenya na China waliipata hapa sarafu ya shaba ya enzi za mfalme Yongle, aliyetawala China mwanzoni mwa karne ya 15. Lakini safari yetu, sisi na mama watoto, haikuwa ya sarafu wala makaburi. Tulikwenda kumjulia hali shangazi yetu, ambaye macho yake yamepungua nuru, na ambaye kila akisikia gazeti hili likisomwa huuliza, "Huyo kijana wetu ameandika nini tena?" Kijana mwenyewe ana mvi hadi kidevuni.

Shangazi anaishi na mjukuu wake wa kike, binti wa miaka kumi na sita. Baba wa binti ni binamu yetu, afanyaye kazi Mombasa. Shule ya binti i mbali, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na kwa ajili hiyo bibi yake alimnunulia baiskeli iliyokwisha tumika, zile nyeusi za chuma. Hapa tuna la kuungama. Baiskeli ilipokuwa bado inatafutwa, binamu yetu alitupigia simu kutaka shauri: je, inafaa binti wa kwetu kupanda baiskeli barabarani? Tulimjibu kwa maneno mengi yasiyokuwa na jibu ndani yake. Tulisema mambo ya stara, tukasema mambo ya elimu, tukamalizia kwa kumwambia asubiri atazame. Naye akakubali kwa shingo upande, akaweka sharti: siku baiskeli itakapoleta shida ya kwanza, itauzwa.

Shida ya kwanza tuliileta sisi.

Jumamosi baada ya swala ya alasiri tuliomba baiskeli ile twende upande wa Gongoni kumwamkia mzee mmoja tuliyesoma naye madrasa. Binti alitupa bila kusita. "Chukua, mjomba, lakini breki ya mbele ni nzito kidogo." Kwa miaka mingi tulikuwa hatujapanda baiskeli, na mwanzo wa safari ulikuwa mtamu, upepo wa bahari ukitupepea. Kisha likaja nyuma yetu lori la chumvi, kwani upande ule ni wa mashamba ya chumvi. Tulitoka kwenye lami kwa hofu zaidi kuliko kwa akili. Ukingo wa lami ulikuwa umekatika kama ngazi, gurudumu la mbele likadondoka na kugonga jiwe. Sisi tulianguka mchangani, hatukuumia ila heshima. Gurudumu ndilo lililoumia. Rimu ilikuwa imejipinda ikatoka nje kwa upana wa vidole viwili, haipiti tena katikati ya foki.

Tulirudi kwa miguu, gurudumu la mbele tumelining'iniza juu mithili ya mbuzi asiyetaka kutembea. Adhana ya magharibi ilitukuta njiani. Binti alikuwa mlangoni. Alitazama gurudumu, akatutazama sisi, akasema, "Hakuna neno, mjomba. Umeumia?" Laiti angelalamika, ingekuwa nafuu kwetu. Baadaye tulimsikia jikoni akimwuliza bibi yake kwa sauti ya chini: Jumatatu mtihani unaanza saa mbili, je, akitoka alfajiri atawahi?

Fundi wa baiskeli wa mtaani alikuwa amekwenda arusini, harudi ila Jumanne. Kitu cha kuazima ni amana, na amana hii tulikuwa tumeivunja kwa mikono yetu. Usiku ule hatukulala vyema.

Asubuhi ya Jumapili, baada ya mahamri na mbaazi, Shangazi alitutuma tulete gurudumu barazani. Marehemu mumewe alikuwa akichukua mikate ya bofulo kwa baiskeli kutoka Malindi, akiuza Mambrui na kwingineko, na barabara za wakati huo hazikuwa na lami. Magurudumu yake yalipinda mara kwa mara, naye alikuwa akiyanyoosha nyumbani usiku, Shangazi akimshikia taa. "Nimeshika taa ile miaka mingi," alisema. "Mikono yangu haijafanya, lakini masikio yangu yanajua."

Basi tunawaeleza tulivyofanya, kwa kuwa nyumba nyingi zina baiskeli ya mtoto iliyoegeshwa ukutani kwa sababu ya gurudumu lililopinda.

Kwanza tulivua tairi na tyubu ili tuione rimu yenyewe. Tulipitisha kidole kote kutafuta ufa, kwani rimu iliyopasuka hainyoshwi, hununuliwa nyingine. Haikuwa na ufa. Tulizihesabu spoki zikawa 32, hakuna iliyokatika, ila tatu zilikuwa zimelegea. Kila spoki hushikwa kwenye rimu na nati ndogo, na hewa ya chumvi ya pwani hupenda kuziozesha nati hizo. Shangazi aliagiza kila moja itiwe tone la mafuta ya taa, kisha tone la mafuta ya cherehani, nasi tukanywe kahawa tuyaache yapenye. Nati yenye kutu ukiilazimisha, utavunja spoki.

Spana maalumu ya spoki hatukuwa nayo. Tulitumia ile spana ndogo ambayo kinywa chake hupanuliwa na kubanwa, ambayo mafundi wameipa jina tusilolipenda kulitaja mbele ya familia. Yafaa ibanwe vizuri juu ya nati, isije ikazilainisha kona zake.

Pinda lilikuwa kubwa mno kunyoshwa kwa spoki peke yake. Ilibidi rimu irudishwe kwanza kwa nguvu ya mkono. Tulizilegeza spoki za eneo lililopinda, tukaweka vipande viwili vya mbao juu ya sakafu, tukalaza gurudumu juu yake: sehemu iliyobenuka ikitazama juu, mbao zikiishikilia rimu kulia na kushoto kwake, na ekseli ikiwa haigusi chini. Tukabonyeza kwa viganja. Haikusogea. Tukainua mguu tuipande. "Usipande!" Shangazi alituzuia, nasi hatujui alituonaje. "Marehemu alikuwa akibonyeza, ananyanyua, anatazama. Kisha anabonyeza tena. Ukiipanda itapindia upande wa pili, na utakuwa na mapinda mawili." Tulibonyeza mara saba au nane, kila mara kwa uzito wa kifua zaidi kidogo, hadi pinda la vidole viwili likabaki nusu ya kidole.

Hapo tulilirudisha gurudumu kwenye foki bila ya tairi, tukaipindua baiskeli juu chini, ikakaa kwa kiti na usukani juu ya mkeka mkuukuu. Mafundi wana chombo maalumu cha kuonyesha pinda. Binti alichomoa vijiti viwili vya ufagio wa chelewa, akavifunga kwa vipande vya tyubu kwenye miguu ya foki, kimoja kulia na kimoja kushoto, ncha zake zikikaribia kuigusa rimu. Ukilizungusha gurudumu polepole, penye pinda hukwaruza kijiti. Binti akatia alama ya chaki pale palipokwaruza.

Sasa msomaji afahamu gurudumu lilivyoundwa. Nusu ya spoki hutoka upande wa kulia wa kitovu, ambacho mafundi hukiita habu, na nusu upande wa kushoto. Za kulia huivuta rimu kuelekea kulia, za kushoto huivuta kushoto, na rimu hukaa katikati kwa sababu mivuto hiyo imelingana. Waya mwembamba vile hauwezi kusimama kama nguzo, na gurudumu hupata nguvu yake kwa kuwa kila waya umevutwa. Spoki hupishana pia: mwaka 1874 James Starley, fundi wa Coventry huko Uingereza, alitia sheria za hataza mpango wa spoki zinazotoka kitovuni kwa kuinama badala ya kwenda moja kwa moja, na baiskeli nyingi za leo bado zina spoki za mpango huo.

Rimu yetu ilikuwa imekwenda kushoto. Tukasema, jambo ni jepesi, tukaze za kulia. Tukakaza. Mwanzoni tulikuwa tukizungusha kinyume, na pinda likawa linaongezeka. Kanuni ni hii: jione kama umekaa juu ya tairi unatazama chini kitovuni. Ukiizungusha nati kama akrabu za saa zinavyokwenda, unakaza. Kinyume chake unalegeza. Tulipokwisha kuijua njia, tulikaza kwa bidii, na rimu ikaanza kurudi katikati. Tulijisifu moyoni. Kisha binti akasema kwa adabu, "Mjomba, mbona sasa linaruka?" Kweli, gurudumu halikuyumba tena kulia na kushoto, bali lilikuwa likipanda na kushuka, kama yai.

Shangazi akaomba asogezwe karibu. Akanyosha mkono, akazipiga spoki kwa ukucha moja baada ya moja, kichwa kimeinama. Nyingine zilitoa sauti kali kama uzi wa udi, nyingine zilitoa mlio mzito usiokuwa na uhai. "Mwanangu," akasema, "umekaza tu. Hukulegeza hata moja."

Hapo ndipo tulipoelewa. Spoki inayokazwa huivuta rimu kando, na wakati huohuo huivuta ndani kuelekea kitovuni. Ukikaza upande mmoja bila ya kulegeza upande wa pili, utanyosha pinda na kuzaa kibonyeo. Kwa hiyo kila unapokaza za kulia kwa robo ya mzunguko, legeza jirani zake za kushoto kwa robo ya mzunguko. Pinda huondoka, na mviringo haubadiliki. Robo yatosha, kisha zungusha gurudumu utazame. Anayekwenda nusu au mzunguko mzima kwa pupa, hushinda akifukuzana na pinda kutoka upande huu hadi ule.

Ilibidi tuanze upya. Tulirudisha nyuma yale tuliyoyakaza, na safari hii tuligawana kazi. Binti alishika spana, kwani vidole vyake ni vyepesi kuliko vyetu. Sisi tulizungusha na kutia chaki. Shangazi alisikiliza. Spoki ikilia juu sana kuliko wenzake wa upande uleule, alisema "legeza". Ikilia chini sana, alisema "kaza". Kwa gurudumu la mbele, spoki zote zapasa kukaribiana sauti. Mama watoto alisimama mlangoni na mwiko mkononi akitucheka, kisha naye akaja kuhukumu kwa jicho, na jicho lake likawa kali kuliko letu.

Pinda lilipopungua tulitazama mviringo. Tulikifunga kijiti kwa kulala juu ya ukingo wa nje wa rimu. Palipokigusa, rimu ilikuwa imetokeza, na binti akakaza spoki mbili jirani, moja ya kulia na moja ya kushoto, kwa kipimo kilekile, ili rimu ishuke bila ya kwenda kando. Palipokuwa na nafasi pana, alizilegeza mbili kwa kipimo kilekile. Kisha tulirudi kutazama kando, halafu mviringo tena. Kila unapogusa hili, lile hutikisika kidogo, nayo ndiyo hali ya kazi hii, haina njia ya mkato.

Kabla ya kumaliza, Shangazi alituamuru tuziminye spoki mbili mbili kwa kiganja, pande zote za gurudumu. Zililia kidogo zikikaa mahali pake. Tulipozungusha tena, pinda dogo lilikuwa limerudi, likaondolewa kwa robo mbili tatu. Lau tusingeziminya, pinda hilo lingetokea njiani. Mwisho tulilitoa gurudumu, tukaligeuza upande wa kulia ukawa kushoto, tukalirudisha. Nafasi kati ya rimu na vijiti ilibaki ileile, nasi tukajua kuwa limekaa katikati. Mtikisiko uliosalia haukuzidi unene wa sarafu.

Adhuhuri ilikuwa imeingia. Baada ya swala na chakula tulikagua ndani ya rimu kama kuna ncha ya spoki iliyochomoza kupita nati, isije ikatoboa tyubu. Zilikuwa mbili, tukazipiga tupa, tukazungushia utepe wa mpira wa tyubu kuukuu, ndipo tukavaa tairi na kujaza pumzi. Tukaijaribu breki ya mbele mara nyingi, kwa sababu gurudumu lililonyoka lenye breki isiyoshika ni hatari zaidi kuliko lililopinda. Nasi ndio tuliokuwa wa kwanza kuipanda, kwenye kichochoro cha mchanga, kwenda na kurudi. Hatukuona haki binti awe wa kwanza kukijaribu tulichokiharibu sisi.

Tuseme na hili, asije mtu akadhurika kwa maneno yetu. Ikiwa rimu ina ufa au mkunjo mkali, ikiwa spoki kadhaa zimekatika, au ikiwa baada ya kunyoshwa spoki za mahali pamoja zimekazika mno na nyingine zimelegea mno na rimu bado haikai, basi chuma kimechoka. Apelekewe fundi. Na hata likinyoka, litazamwe tena baada ya siku chache za mwendo.

Jumatatu baada ya swala ya alfajiri tulikaa barazani. Binti alitoka na mtandio wake umefungwa vyema chini ya kidevu na mkoba mgongoni. "Shikamoo, mjomba. Shikamoo, mkaza mjomba." Akapanda, akaupinda ukuta wa msikiti, akapotea. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa, akilisikiliza gurudumu mpaka lilipokwisha masikioni. "Halikwaruzi," akasema, akaomba kahawa.

Ndipo tukampigia binamu yetu Mombasa. Tulimweleza kwamba baiskeli imepata shida ya kwanza, na kwamba aliyeileta shida hiyo ni sisi. Alinyamaza. Tukamweleza kuwa aliyeshika spana akainyosha ni binti yake, na kwamba saa ile yuko njiani kwenda mtihanini. Kisha tukamwambia kwamba tunaliondoa jibu letu la mwanzo, kwa sababu halikuwa jibu. Tulikuwa tumeogopa maneno ya watu, tukaificha hofu yetu ndani ya maneno mazuri. Jibu letu sasa ni kwamba amwache apande. Alitujibu, "Nimesikia, kaka. Lakini usiiazime tena." Tukacheka sote wawili, na sharti la kuuza halikutajwa.

Tuliondoka Mambrui mchana ule kwa matatu. Tulipovuka Sabaki maji yalikuwa mekundu, na vidoleni mwetu bado palikuwa na weusi wa mafuta ya cherehani, ambao sabuni ya mara tatu haikuutoa. Tunamwomba Mwenyezi Mungu amjaalie Shangazi afya njema, na binti matokeo mema.